Mkazo kwanza, ala baadaye: kutunga wimbo wa mchanganyiko Malindi

Mtunzi wa Malindi hana haja ya kusafiri kutafuta muziki wa watu wengine. Kaskazini yake iko Lamu na ala zake za nyuzi, udi na kibangala, na tungo zake za tangu na tangu. Akiupa mji kisogo na kushika njia ya Ganda na Kakoneni, anaingia kwenye kayamba na ngoma ya mwanzele ya Wagiriama. Kusini iko Mombasa, iliyozoea kuimba mapenzi ya Kiswahili kwa lahani, yaani tuni, za filamu za Kihindi. Na gitaa limejaa kila hoteli ya ufuoni. Vyote hivi haviko mbali, na ndiyo maana kila mwaka vijana wapya wanajaribu kuvitia chungu kimoja.

Nyingi ya nyimbo hizo zina kasoro moja inayojirudia. Kayamba limepigwa sawa, udi umepigwa sawa, mwimbaji ana sauti, lakini wimbo haukai. Waliotunga huanza kubadilisha ala: watoe gitaa, waongeze ngoma, wabadilishe kinanda. Mara nyingi ala hazina kosa lolote. Kilichovunjika ni neno. Kiswahili kina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo uliotoka pengine una mahali pake pazito. Vitu hivi viwili visipokutana, hakuna ala itakayoviunganisha. Kwa hiyo nasema wazi: wimbo wa mchanganyiko huanzia kwenye mizani na mkazo, na ala huja mwisho kabisa.

Waliotutangulia walilijua hili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, alichukua lahani na ala zilizokuwa na asili ya Kiarabu akaziimbia Kiswahili, na maneno yakasikika. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, alichukua lahani za Kihindi zilizotungiwa lugha yenye mkazo tofauti kabisa, na bado mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi alilipata kila neno. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliushika udi wa Kiarabu akauchezesha midundo ya ngoma za pwani. Hata taishokoto, ile ala ya Kijapani yenye vitufe kama vya taipureta, iliingia kwenye taarabu ya Mombasa na ikakubalika harusini kama iliyozaliwa mtaani Kibokoni. Ala ilitoka mbali, lakini ilikuja kulitumikia neno.

Sasa tushike ubeti mmoja tuufanyie kazi. Ni wa mishororo mitatu, mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili, kama nyimbo nyingi za taarabu:

Mashua yang'oa nanga, yaondoka bandarini
Upepo wavuta tanga, na nahodha yu tezini
Nami pwani naizinga, mato yangu baharini

("Mato" ni macho kwa lahaja ya Lamu.) Vina viko: nga katikati, ni mwishoni. Hesabu silabi kwa vidole, mizani imetimia kote. Mwalimu wa ushairi angeupitisha bila swali. Lakini ubeti huu, kama ulivyo, utamtesa mwimbaji, na mateso yako kwenye mshororo wa tatu.

Usome kwa sauti polepole, na kila mkazo upige kofi. Ma-SHU-a ya-NG'O-a NA-nga: makofi yameangukia silabi ya 2, ya 5 na ya 7. U-PE-po wa-VU-ta TA-nga: 2, 5, 7 tena. Hapo sikio limeshazoea na linangojea hivyo hivyo. Kisha inakuja NA-mi PWA-ni na-i-ZI-nga: 1, 3, 7. Mizani ni ile ile nane, lakini mwendo umebadilika. Kwenye shairi linalosomwa hilo si kosa hata kidogo, ni utamu. Kwenye wimbo wenye kayamba ni jiwe ndani ya wali.

Angalia linavyotokea. Mdundo wa kayamba, na wa ngoma ya chakacha vilevile, huhesabika vizuri kwa mapigo madogo 12, makundi manne ya matatu matatu. Pigo la 1, la 4, la 7 na la 10 ndiyo mazito. Ukwapi wa kwanza unakaa hivi: "ma" linatangulia kwenye pigo la 12 la mzunguko uliopita, "shu" linatua kwenye 1, "a" kwenye 2, "ya" kwenye 3, "ng'o" kwenye 4, "a" kwenye 6, "na" kwenye 7, "nga" kwenye 9. Mikazo yote mitatu imeangukia mapigo mazito, na mwimbaji anabaki na pumzi kuanzia pigo la 10.

Utao una silabi mbili kabla ya mkazo, kwa hiyo unaanza mapema zaidi: "ya" kwenye 11, "o" kwenye 12, "ndo" kwenye 1, "ka" kwenye 3 na kuvutwa hadi 4, "ba" kwenye 5, "nda" kwenye 6, "ri" kwenye 7, "ni" kwenye 9. Hilo vuto la "ka" juu ya pigo la 4 ni la makusudi. Ukiliachia "ba" litue pale, utasikia "BAndarini", neno lisilo la mtu yeyote.

Sasa uimbe mshororo wa tatu kwa lahani ya ukwapi ule ule. "Na" linaangukia 12, "mi" linatua kwenye 1 kwa uzito wote, "pwa" linafichwa kwenye 2. Kinachosikika ni "naMI pwani", na kwa nukta moja msikilizaji anatafuta neno ambalo halipo. Akilipata, mshororo umeshapita. Nyimbo zinazosemwa "nzuri lakini sijui anasema nini" zina makosa kama haya kumi au kumi na tano, moja moja, kila moja dogo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuugeuza mshororo: "Mwenzenu nakosa mwanga, mato yangu baharini." Mwe-NZE-nu na-KO-sa MWA-nga, 2, 5, 7, unaingia kwenye lahani bila kusukumwa. Ya pili ni kuyaacha maneno na kubadilisha lahani: "Nami pwani naizinga" uimbe kwa njia ya utao, "na" kwenye 10, "mi" kwenye 12, "pwa" kwenye 1. Mimi napenda dawa ya kwanza kwa ubeti wa mwanzo, kwa sababu hapo ndipo msikilizaji analifundisha sikio lake, na ya pili kwa beti za mbele, ambapo mabadiliko kidogo yanaamsha watu. Hata "mato yangu", kwa kuwa mkazo wake wa kwanza uko kwenye silabi ya 1, unapaswa kuanza kwenye pigo la 10, si la 11 kama "yaondoka".

Ukitaka ubeti huu huu kwenye mdundo wa mapigo manne, ule wa taarabu ya mwendo wa kawaida, hesabu inabadilika. Kwenye nusu-pigo nane, "ma" litangulie, "shu" lichukue nafasi mbili, 1 na 2, kisha "a" 3, "ya" 4, "ng'o" 5, "a" 6, "na" 7, "nga" 8. Mikazo imekaa, lakini nafasi imejaa hadi ukingoni, na utao unahitaji silabi mbili za kutangulia. Hazina pa kuingia. Ndiyo maana kwenye mdundo huu ukwapi na utao hutenganishwa kwa mzunguko mzima wa ala: udi au fidla inajibu, mwimbaji anavuta pumzi. Ukiondoa jibu hilo ili wimbo uwe mfupi wa redioni, umemnyonga mwimbaji. Bora uondoe ubeti mzima.

Kasi nayo ina hesabu yake. Kwenye mdundo wa kayamba, mapigo mazito 96 kwa dakika yanaipa kila silabi ya pigo dogo kama sehemu ya tano ya sekunde. Ukipanda hadi 120, inabaki sehemu ya sita. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini Kiswahili kina silabi nzito za kutamka, kama "ng'o", "ndo" na "nze", na hizo ndizo zinazomezwa kwanza. Kwa wimbo wenye maneno mengi ningekaa kati ya 88 na 100. Kasi ya kuchezea iwekwe mwishoni, kwenye kiitikio cha maneno machache.

Kayamba lenyewe linahitaji heshima kuliko linavyopewa. Ni vijiti au matete yaliyofungwa tabaka mbili bapa, mbegu ndani. Hushikwa kwa mikono miwili, huinamishwa huku na huku, na vidole gumba hugonga mgongoni. Mbegu zinachukua muda kuteleza kutoka upande hadi upande, hivyo mpigaji mzoefu huanza kuinamisha kabla ya pigo ili mlio ufike juu yake. Mpiga gitaa aliyeazima kayamba huinamisha wakati wa pigo lenyewe, na wimbo mzima unavutwa nyuma. Anadhani anapiga polepole, anaongeza kasi, na baada ya beti mbili kila mtu anakimbia. Mwiteni anayelijua, na msimkabidhi kazi ya kujaza tu. Vidole vyake vya gumba ndivyo vinavyoonyesha mahali pazito, na mwimbaji avisikilize hivyo kuliko ngoma.

Kwenye kurekodi kayamba lina hila nyingine. Mlio wake uko juu, kule kule zinakokaa "s", "sh" na "f". Likiwa karibu na kipaza sauti, "shari" na "hari" vinakuwa neno moja. Mweke mpigaji mita 2 au 3 nyuma ya mwimbaji, na uso wa kipaza sauti uelekee mdomoni, sentimita 20 hadi 30. Kama mnarekodi kwa simu tu chini ya mwembe, kanuni ni hiyo hiyo: simu iwe kwa mwimbaji.

Tuje kwenye lahani, ambako udi na gitaa hugombana waziwazi. Udi hauna vyuma vya kugawa shingo, kidole kinakaa popote. Gitaa limegawanywa kwa nusu-toni na halina njia ya katikati. Ukitunga kwa maqam (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya bayati inayoanzia re, noti ya pili haiko mi wala mi flati, iko kati yake. Mpiga udi ataipata. Mpiga gitaa akibana kodi yoyote (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) yenye mi ndani yake wakati huo huo, mtasikia kitu kama ubao unaokwaruzwa. Basi kwa bayati ya re (wapiga gitaa huita re D, na mi E), kodi salama ni D maina, G maina, F meja na B flati meja, kwa sababu hakuna hata moja yenye mi. Kodi za hatari ni C meja, A maina, A meja na E ya aina yoyote. Vijana wengi wanaingia shimoni kwenye A, kwa kuwa gitaa la hotelini limewafundisha kwamba ubeti wa D lazima urudi nyumbani kupitia A. Kwenye bayati ubeti unarudi nyumbani kwa lahani kushuka yenyewe, fa, ile noti ya katikati, re. Gitaa likae kwenye noti za re na la pekee, linyamaze kidogo, na liuache udi ufunge mlango.

Hijazi ni rahisi zaidi: re, mi flati, fa sharpu, sol, la, si flati, do. Zote zipo kwenye gitaa na kinanda. D meja, G maina, C maina na E flati meja zote zinakubali. Urahisi huo umefanya hijazi itumike kupita kiasi. Kila anayetaka wimbo "usikike Kiarabu" anaikimbilia, na beti za kuchekesha, za harusi na za msiba zote zinavaa kanzu moja. Nahawandi nayo inafanana sana na maina ya Kizungu, kiasi kwamba udi ukinyamaza hakuna atakayejua ilikuwa nahawandi. Ningemshauri anayeanza ajifunze bayati moja barabara, hata ikimchukua miezi, kabla ya kugusa maqam nyingine.

Kinanda cha umeme kina suluhisho lake: vingi vina sehemu ya kushusha noti moja moja, na ukiishusha mi kwa senti 50, yaani nusu ya nusu-toni, unapata noti ya katikati. Lakini kumbuka kwamba noti hiyo imeshuka kwenye kibodi nzima. Mkono wa kushoto ukibonyeza kodi yenye mi, nayo inashuka. Zima kodi za kujipiga zenyewe, na mkono wa kushoto ubaki na noti mbili tu, re na la.

Kibangala ni habari nyingine. Tumbo lake limewambwa ngozi, na ngozi inanywa unyevu wa hewa. Mvua za masika zikianza, au usiku wa umande karibu na bahari, ngozi inalegea, daraja la nyuzi linazama kidogo na sauti zote zinashuka. Kikipelekwa kutoka chumba chenye kiyoyozi hadi ukumbi wa wazi, kitaharibika kabla ya wimbo wa pili kwisha. Kifikishwe mapema, kitolewe mfukoni, kikae nusu saa kwenye hewa ya pale pale, ndipo kikazwe nyuzi. Wengine hukianika juani kama tari. Usifanye hivyo. Tari hustahimili moto kwa kuwa ngozi yake imekazwa kwenye duara la mti mtupu. Kibangala kina gundi na shingo, na jua la Malindi la saa saba litavikunja vyote viwili.

Nzumari ikiwemo, yenyewe ndiyo bwana wa sauti. Haina vigingi vya kukaza nyuzi, mpigaji anaweza kuisogeza kidogo tu kwa midomo na pumzi, na ina kelele ya kushinda udi kumi. Basi apulize kwanza, na wengine wote wakaze nyuzi zao kumfuata yeye. Nimeona ni afadhali nzumari ipewe mwanzo na mwisho wa wimbo, na ikae kimya maneno yanapoimbwa.

Lahaja pia ni ala. Kitu kimoja kinaitwa "maji" kwenye redio, "mai" Lamu, na "madzi" kwa Mgiriama. Mizani ni mbili kote, hivyo unaweza kubadilisha bila kuvunja hesabu, lakini vina vinabadilika. "Mato" ya Kiamu yana kina cha "to" na yanakaa na "moto" na "mapito". Ukiyasanifisha kuwa "macho", umefunga mlango huo. Kwa hiyo chagua lahaja kabla ya kuandika ubeti wa pili, na uifuate. Ubeti unaosema "mato" juu na "macho" chini, bila sababu, unaonyesha mtunzi aliyeazima neno kwa pambo. Kiitikio cha Kigiriama ni kizuri mno ndani ya wimbo wa Kiswahili, lakini mwenye lugha akiimbe kwanza kwa mwendo wake, ndipo lahani itungwe. Ukimpa lahani iliyokwisha kutungwa ajaze maneno, atayabana mpaka yapoteze sura.

Yapo ambayo nisingeyachanganya. Matari ya maulidi yana mdundo unaovutia kila mtunzi anayepita karibu na msikiti wa Riyadha, Lamu, mfunguo sita, mwezi wa maulidi. Kujifunza namna wapigaji wanavyojibizana ni elimu. Kuchukua kasida yenyewe na kuitia maneno ya mapenzi ni kuwaumiza watu ambao wimbo wako unawahitaji. Ngoma za pepo na za mazishi za Wagiriama nazo zina wenyewe na zina wakati wake. Uliza wazee kabla ya kurekodi, si baada ya kuutia wimbo mtandaoni.

Kuuliza huko sasa si adabu tu. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, na inataka ridhaa ya jamii yenye mali. Kwa upande wa mtunzi mmoja mmoja, hakimiliki ya wimbo hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo wajukuu wa mpiga kayamba wana haki ya kujua kama babu yao alikuwa mtunzi au mpigaji wa siku moja. Andikeni karatasi kabla ya kuwasha mashine: nani ametunga maneno, nani lahani, nani alileta mdundo wa jadi na umetoka kijiji gani, na mgawo wa kila mmoja kwa asilimia. Aliyeleta lahani asilipwe nauli na soda kisha jina lake lipotee. Hili linatokea mno, na linawafanya wazee wakae na nyimbo zao kimya.

Wimbo ukiwa tayari, usiupeleke studio bado. Tafuta mwanamke mtu mzima aliyekulia kwenye vugo, aliyezoea kugonga pembe huku akiitikia mashairi ya harusi. Mwimbie ubeti wa kwanza mara mbili, kayamba peke yake, bila udi wala gitaa. Kisha mwombe akurudishie. Atakurudishia karibu wote. Weka alama ya penseli pale atakapokwama au atakapobadilisha neno, halafu urudi kwenye karatasi uhesabu makofi upya.